Halua ya Ijumaa

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa mwali ndani, singo la kusuguliwa mwali limenikaukia mwilini, na mbele yangu ipo sahani ya halua imefunikwa kawa. Mama wa mchumba wangu alikuwa amekaa juu ya mkeka, amenyoosha mkono, ananiambia nimpe sahani ile. Nami nikamjibu, "Sikupi."

Nikianzia hapo na kuishia hapo utasema bibi yako alikuwa hana adabu. Basi kaa, nirudi nyuma kidogo. Mimi sina haraka. Chai yangu hii chungu hunywewa polepole, haina kitu cha kumfanya mtu aikimbilie.

Nimekuita kwa sababu ya jana. Umedhani sikuona. Mama yako amekuletea wali na samaki wa kupaka, wewe ukaipiga picha sahani, ukasoma simu inavyokuhesabia chakula, kisha ukamwita paka. Harusi yako imekaribia na kila nikikukumbatia nakuta mifupa. Mama yako anasema umepatwa na jicho. Shangazi zako mmoja anasema sukari ni sumu, mwingine anasema sukari ndiyo nguvu za mtu, na nyumba nzima mnapigishana kelele kama watu wa kampeni. Wote nimewasikiliza nikanyamaza, maana ugomvi huu nimeshaupitia nikiwa rika lako, na ulikaribia kuitoa roho ya mtu.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, watu wameshaanza kugawanyika kwa vyama hata hawanunui chumvi duka moja. Mama yangu alifariki mimi mdogo, nikalelewa na bibi yangu, Bi Mize, hapa hapa Ole. Akaja kuniposa babu yako Salim. Wakati ule alikuwa karani bandarini Mkoani, kijana wa baiskeli na suruali iliyopigwa pasi. Kwao palikuwa ng'ambo ya bonde letu la mpunga, na mama yake akiitwa Bi Asha. Baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Zama zetu mwali alikuwa akiwekwa ndani anoneshwe. Biharusi mwembamba alikuwa aibu ya nyumba mbili: huku atokako wataambiwa wamemlaza na njaa, na huko aendako wataambiwa wameokota. Bibi alinizungushia uzi kiunoni siku niliyoingia ndani, akatia fundo pale ulipokutana, na uzi ule akautundika ukutani. Kila akipata nafasi huushusha akanipima tena. Uji wa maziwa asubuhi, bokoboko lenye samli mchana, mkate wa kumimina jioni, na kati yake vitu vidogo vidogo vya kupitishia muda. Ukisema umeshiba unaulizwa umeshiba nini.

Na upande wa mume nao walikuwa na haki yao. Kila Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, huletwa sahani ya kitu kitamu kutoka kwa mkwe. Sahani ile ada yake moja tu: hairudi na kitu. Ukirudisha hata kipande, umekitemea mate chakula cha mkweo, na habari itafika mji wa pili kabla ya sahani kufika kwao.

Sasa sikiliza mtego wangu ulivyotegwa. Siku chache baada ya kuwekwa ndani alikuja Rukia, dada yake Salim. Alisubiri bibi atoke kwenda kuangalia chungu, akanisogelea sikioni. "Kaka kasema usinenepe," akaniambia. Nikamuuliza kwa nini. "Kasema hivyo tu. Kasema, mwambie nampenda, lakini asinenepe." Akajitanda buibui lake akaenda zake.

Niambie wewe, ungefanyaje? Bibi anauvuta uzi uongezeke, mchumba anauvuta upungue, na kiuno ni kimoja. Nikamuwaza Salim na safari zake za Unguja, nikawaona wanawake wa huko wenye magauni ya kubana kiuno, nikasema moyoni, kumbe ndio hao anaowataka. Nililia. Kisha nikaamua. Mwanamke wa miaka ile alikuwa haamui mengi, na hili niliona ni langu.

Uji nikawa nauonja na kuumwaga dirishani, kuku wakanenepa badala yangu. Bokoboko nikawa naligeuza geuza sahanini mpaka lionekane limeliwa. Asubuhi kabla ya kula chochote nakamulia ndimu kwenye maji nayanywa, kwa sababu nilisikia ndimu hukata mafuta. Wewe umeisoma kwenye simu, mimi nilisikia kwa msusi wa mikeka. Maneno ni yale yale, yamebadilisha usafiri tu.

Lakini sahani ya Ijumaa haikuwa ya kumwaga dirishani, kwa sababu Bi Asha alikuwa akiileta mwenyewe. Na akishaileta haondoki. Anaingia ndani, anakaa mkekani, anaomba maji ya kunywa, kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anaifunua kawa na kuniambia, "Haya kula, mwana'ngu." Halafu ananiangalia mdomo.

Watu walisema zamani alikuwa mama wa haja, mlangoni hupita ubavu. Mimi nilimkuta ameshapungua, kanga inamzunguka na kubaki. Macho yake ndiyo yaliyokuwa makubwa. Nilidhani ananikagua kama anunuaye ng'ombe, na nikamuogopa sana.

Ijumaa ile ya mwanzo nilitia kipande kimoja mdomoni, kikanishinda. Nilikuwa nimeshajizoeza njaa, tumbo limefunga mlango. Akaniuliza, "Hutaki?"

"Nimeshiba, mama."

"Na sahani itarudije?"

Yeye akautazama mlango, akasikiliza kama bibi yuko karibu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lete." Nikamsogezea. Mwanangu, alikula harakaharaka, kwa vidole vitatu, hata lozi hakuzitafuna vizuri. Akamaliza, akalamba kidole kimoja kimoja, akaifunika sahani tupu. "Hii siri ya mie na weye," akaniambia, na akatabasamu. Mimi nilishukuru Mungu. Nikasema nimepata mkwe asiye na mfano, ameuona mzigo wangu na kuubeba bila kuuliza.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Alileta halua, akaleta kaimati zilizolowa shira, akaleta tambi za nazi na sukari. Mimi naonja, yeye anamaliza, bibi anaiona sahani tupu na kufurahi. Hatukuwa tukisema mengi, ila nilianza kumpenda. Alinisimulia alivyokuwa biharusi yeye mwenyewe, walivyomnonesha hata akashindwa kuvua bangili, na sifa alizopata. Akisimulia hivyo uso wake huchanua.

Lakini uzi ulikuwa hausemi uongo. Bibi aliushusha siku moja akanizungushia, na fundo likavuka mahali pake kwa shibiri nzima. Akaurudia kupima.

"Ntoto anakula chano kizima na anakonda," alimwambia jirani, nami nasikia. "Hili lina ntu nyuma yake."

Basi nikaandikiwa kombe, nikaosha sahani ya maandishi ya zafarani nikanywa. Nikafukizwa ubani mpaka nikakohoa. Bibi akawa analala mlangoni kwangu na tasbihi mkononi. Na mimi mjinga, badala ya kusema, nilikaza roho. Kila nikimuona anahangaika najiambia harusi ikipita atanisamehe. Siku moja nilinyanyuka kitandani kwenda kunawa, dunia ikazunguka, nikaanguka na kuupasua mtungi. Bibi alidhani nimekufa. Alipiga ukelele ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka.

Ijumaa iliyofuata hakuja Bi Asha. Alikuja Rukia, mikono mitupu, macho mekundu.

"Mama yuko hoi," akaniambia. "Tumemrudisha jana kutoka hospitali ya Chake. Kidonda chake cha mguu kimechimbika, na alikuwa anapotea fahamu."

Nikamuuliza ni ugonjwa gani, na hapo ndipo niliposikia yote. Kumbe daktari alikuwa ameshamuona kitambo. Walichukua mkojo wake wakauchemsha kichupani na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali la kuchoma. Akaambiwa damu yake imejaa sukari na mwili unashindwa kuitumia, ndiyo maana anakonda huku anakula, na kiu haimwishi. Asiguse kitu kitamu. Wali na muhogo ale kidogo. Salim alikuwepo, na daktari akamfafanulia kwamba chakula chote kina moto ndani yake kama kuni, kila kitu na kiasi chake cha moto, na mtu akijaza kuni kuliko anazochoma zinamlundikia mwilini, na wengine mwisho wake huwa ndio huo.

"Na majirani hawatusaidii," Rukia akaendelea. "Kila anayekuja anasema, ntu kakauka namna hii mwamnyima sukari? Mtamuua! Shehe wetu kasema tumfuate daktari, Mwenye Mungu hakuleta ugonjwa bila dawa yake. Lakini wanawake wanamletea asali chini ya kanga. Tumeficha asali, tumeficha sukari, gudulia lenyewe la asali tumelifungia sandukuni. Yeye sasa hatusemeshi. Na bado daktari kasema sukari imezidi kuliko mwanzo." Akafuta macho. "Kitamu pekee anachokigusa ni sahani yako ya Ijumaa, nayo hurudi tupu. Sijui anaipata wapi."

Mwanangu, mimi nilijua anaipata wapi.

Rukia akaniangalia mwili wangu, akashtuka. "Na weye mbona umekuwa hivi? Kaka hakukwambia ujiue. Aliogopa tu wasije wakakunonesha kama alivyononeshwa mama. Alikuwa anaona haya kuutaja ugonjwa wa mamaake." Kumbe ilikuwa hivyo. Wala hapakuwa na gauni la kubana, wala mwanamke wa Unguja. Palikuwa na kijana aliyemuogopea mkewe, akafunga neno lake na kulituma nusu.

Alipoondoka nilimwita bibi nikamwambia kila kitu, kuanzia kuku mpaka halua. Nilitegemea anipige. Hakunipiga. Aliuangika uzi wake ukutani, akakaa kitandani karibu yangu, na maneno aliyoniambia ndiyo niliyokuitia.

"Weye umeuendesha mwili wako kwa maneno ya ntu mmoja," akasema, "na mie nimeuendesha kwa maneno ya nji mzima. Sote wawili hatukuuliza wenyewe unataka nini. Mwili ni amana, Zuwena. Siku ya kuurudisha haulizwi Salim, haulizwi Mize, unaulizwa weye." Nilidhani amemaliza. Akaninyooshea kidole. "Na usinililie. Kulia hakumtibu Bi Asha. Ijumaa atakuja."

"Hawezi kuja, bibi. Ni mgonjwa."

"Atakuja. Ntu mwenye kiu hakijui kisima?"

Nikamwomba amkabili yeye, ni mtu mzima mwenzake. Akakataa kata kata. "Mie nikimwambia nimemvunjia heshima, na heshima ya ntu mzima haiungwi. Ulimpa kwa mkono wako mkiwa wawili. Kwa mkono huo huo umnyime, mkiwa wawili." Nikamuuliza, na akikasirika akaivunja posa? Bibi alinyanyuka kwenda jikoni. "Posa zipo nyingi," akasema akiwa mlangoni. "Bi Asha yupo mmoja."

Wiki ile niliula uchungu wote. Nilimpenda Salim, nisikufiche. Na posa ikivunjwa mwali akiwa ameshawekwa ndani, watu hawaulizi nani kakosa. Jina lingenikaa mimi. Huku upande wa pili namuona yule mama akilamba vidole, na kila kidole sasa nakiona ni siku anayojikatia. Nilianza kula, kidogo kidogo, uji wa bibi. Nilihitaji nguvu.

Ijumaa akaja. Nilimsikia kabla sijamuona, mguu mmoja anauburuta. Aliingia na fimbo mkono mmoja na sahani mkono wa pili, kawa juu yake, jasho linamtiririka. Amelivuka bonde zima na kidonda kile. Nikambusu mkono, nikampa maji, akanywa mpaka nikasita kuhesabu. Kisha akaifunua. Ilikuwa halua ya Wete, inang'aa kwa samli, lozi zimepangwa juu, na hiliki ikajaa chumba kizima.

Hakuniambia hata nile. Alinyoosha mkono moja kwa moja. "Haya, lete."

Niliivuta sahani kwangu. Nikakata kipande nikatia mdomoni. Nikakata cha pili.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nakula, mama."

"Leo umepata njaa?"

"Leo nimeambiwa, mama. Rukia kaniambia."

Uso wake ulibadilika, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu mzima: aibu na hasira vimechanganyika. "Nipe sahani," akasema.

Hapo ndipo nilipomjibu lile neno. "Sikupi."

"Weye mwali unaniambia mie sikupi?"

"Sikupi, mama. Nipige ukitaka."

"Nitaondoka na posa yangu!"

"Chukua posa, mama," nikamwambia, na machozi yananitoka, "uniachie sahani."

Akanyanyuka, akanikamata mkono. Nami nilijikaza kwa kudhani atanishinda nguvu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kama konyo kavu la karafuu. Nikauona, akauona na yeye kuwa nimeuona. Akaniachia. Akakaa chini taratibu, akajifunika uso kwa ukaya wake, na akalia kama mtoto aliyefiwa.

Nilidhani analilia halua. Sivyo. "Wamenifungia asali sandukuni," akasema, "mie niliyewanyonyesha. Nikiamka wananiangalia mikono. Nikinywa maji wananihesabia. Nikikaa wanaacha mazungumzo. Mie si ntu tena nyumbani kwangu, mie mwizi. Hapa kwako tu ndipo nilipokuwa ntu, twakula na twacheka. Na weye sasa umeniondoa."

Maneno yale yalinichoma kuliko kofi. Nikashuka kitandani, nikakaa mkekani karibu yake, sahani ikiwa nyuma yangu. Nikamwambia, "Sikukuondoa. Nataka unikute. Nataka niingie nyumbani kwako nikukute, unifunze kupika, unishikie wanangu. Nani atanipokea kama wewe haupo?"

Bibi huko nje alikuwa anatwanga kitu ambacho nilijua hakina haja ya kutwangwa. Mwisho Bi Asha akajifuta uso. Akaitazama sahani nyuma yangu.

"Ada haivunjwi," akasema. "Sahani hairudi na kitu."

"Ndiyo, mama."

"Basi kula. Lakini usile kama nilivyokuwa nakula mie. Kula taratibu." Akajiweka sawa mkekani. "Na unambie."

Sikumuelewa. Akarudia, kwa haya kama msichana. "Unambie ladha yake."

Nikala, mwanangu. Kipande kidogo, taratibu, na kila kipande namsimulia. Nikamwambia samli ni mpya, haina uvundo. Lozi zimekaangwa kidogo kabla ya kutiwa. Hiliki imezidi. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mpishi wake mkono mzito kwa hiliki, tangu enzi za babaake!" Tukacheka wote wawili. Chakula changu cha kwanza cha haki tangu niwekwe ndani kilikuwa kile, na nilikila na mtu asiyekitia mdomoni. Kilichobaki nilimwita bibi aingie, tukakimaliza. Sahani ikarudi tupu, kweli tupu, bila siri.

Jumatatu alikwenda Chake kwa daktari, mwenyewe kwa hiari yake, akakubali na sindano alizokuwa akizikataa. Kidole kimoja cha mguu alikipoteza. Mguu ukabaki. Harusi ilifanyika, na uzi wa bibi haukufika pale alipoutaka, wala haukubaki pale nilipoufikisha mimi. Watu walisema biharusi mwembamba. Wamesema, wamechoka, wameshakufa wengi wao.

Babu yako nilimsubiri mpaka fungate ipite, kisha nikampa maneno yake. Nikamwambia, ukinipenda unipe neno zima. Nusu yake ilikaribia kuua watu wawili. Alikubali kosa, Mungu amrehemu, na hakurudia. Asali tukaitoa sandukuni, tukaiweka kabatini kama asali ya watu. Bi Asha akawa anaipita kila siku, na kama aliichovya mimi sikumuona wala sikumvizia. Aliishi, mwanangu. Aliishi mpaka akamfundisha baba yako kuhesabu vidole vya miguu, cha kumi hakipo, wanacheka. Na kila Idi ilipokuja halua aliniita kando, "Zuwena, njoo ule, unambie." Nikawa namwambia, mpaka Idi yake ya mwisho.

Sasa wewe. Mimi simu yako siigombi. Hata daktari yule alijua kila chakula na moto wake, na ni kweli. Sikuambii ujaze tumbo kama tulivyojazwa sisi, huo ulikuwa ujinga wetu, na katika damu ya ukoo huu ugonjwa ule umo. Baba yako anao. Sukari si sumu wala si dawa, ni kitu cha kupewa kiasi chake na kuambiwa basi. Lakini njaa ya kumpendeza mtu nayo ni ulafi, umekula macho ya watu badala ya wali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kama kuna aliyekwambia upungue, mwendee umuulize sababu, akupe neno zima. Kama ni wewe mwenyewe, nenda hospitali upimwe, uambiwe mwili wako unataka nini, usiambiwe na picha. Na usile wala usiache kula kwa siri. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na siri ya chakula huanza tamu, kisha hutafuta wa kumla.

Na siku nyumbani kwako atakapokuwepo mgonjwa, mnyime kinachomdhuru, umnyime waziwazi, usoni pake, hata akikuchukia. Ila usimnyime kukaa naye. Msimfungie sanduku.

Mbona unaiangalia chai yangu? Ndiyo, haina sukari. Tangu mfungo uliopita. Na mimi nimepimwa, siku hizi hutoboa kidole tu, na daktari kaniambia kama alivyoambiwa Bi Asha. Shangazi zako hawajui bado, nitawaambia leo jioni, waziwazi, wasije wakanificha asali.

Mwenyezi Mungu akupe siha isiyotafuta sifa, akupe mume anayesema neno lake lote, akupe wakwe wa kucheka nao, akujaalie uzeeke na vidole vyako vyote. Amin. Halua ya harusi yako Ijumaa inakuja kutoka Wete. Uje uile hapa, karibu yangu, kipande kimoja tu, taratibu, mwanangu. Na unambie.